Barua ya Kumi na Mbili

Kengele ya saa tisa na nusu ikilia, wenzangu walikimbilia nyumbani, mimi nilikimbilia kazini kwa baba. Nasema nilikimbilia, lakini muhula ule nilikuwa najikokota tu. Kutoka shuleni hadi chuoni ni mwendo wa dakika ishirini, na kwa jua lile na begi lile, nilikuwa nafika nimekwisha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, ila ungeniuliza ningekwambia sitini.

Baba ni tarishi wa chuo. Anachukua barua ofisini, anampelekea mwenyewe mkononi, na mwenyewe anatia sahihi kwenye kitabu cha tarishi kuonyesha kwamba ameipokea. Kitabu cha baba kilikuwa na jalada gumu la buluu, pembe zimechakaa kwa kubanwa kwapani. Vitabu vya zamani vilivyojaa vilipangwa kabatini nyuma ya kiti chake. Miaka kumi na tisa, na hakuna hata barua moja iliyopotea. Wengine hujisifu kwa nyumba zao, baba hujisifu kwa sahihi za watu.

Mwaka ule mguu wake wa kulia ulimgomea. Kisigino kilivimba, na asubuhi alikuwa akishuka kitandani kwa kushika ukuta. Daktari alipomwambia apumzike wiki tatu, baba alicheka mpaka akakohoa.

"Nikipumzika mimi, daktari, barua zitatembea zenyewe?"

Basi akawa anachechemea humo humo chuoni, jengo hadi jengo. Za nje ya chuo zilizokuwa nyepesi akanipa mimi.

Mbele ya ofisi yake kuna uwanja wa mpira wa kikapu. Kila jioni nilikaa kwenye ngazi kumsubiri, huku nikiwatazama akina dada wa timu ya chuo wakifanya mazoezi. Nao, maskini, walikuwa wamechoka kuliko mimi. Msimu ulikuwa na michezo kumi na miwili. Walikuwa wamecheza kumi, wakashindwa minane. Walisafiri kwa basi la chuo lililokuwa likizimika kwenye kila mlima, wakashuka kusukuma, wakarudi na kuingia darasani na macho mekundu. Mpira ulidunda polepole, kama nao umeambiwa matokeo.

Kocha wao, mama mrefu mwenye filimbi shingoni, alikuwa na mtindo wake. Hakumwita mchezaji kwa jina. Alimwita kwa kazi ya mji aliotoka. Nahodha alitoka kwenye mji ambako treni zote hukutana, akaitwa Reli. Mwingine alitoka kwenye mji wa kiwanda cha saruji, akaitwa Saruji, na mwenyewe alikuwa akisema kwao hata kuku ni wa kijivu. Kulikuwa na Viatu, ambaye mji wao mzima unashona viatu, lakini raba zake yeye zilikuwa zimetoboka kidole gumba. Na kulikuwa na Chumvi.

Chumvi alitoka mbali kuliko wote, pwani ambako maji ya bahari huanikwa juani mpaka yakabaki chumvi. Ilikuwa safari ya usiku kucha na nusu ya siku. Mama yake alikuwa mkwangua chumvi katika kiwanda cha huko. Chumvi hakuwa hodari sana uwanjani, acha niseme kweli. Miaka mitatu alikaa benchi, na mwaka huu wa nne, wa mwisho, ndipo alipoanza kupangwa. Lakini alipomwona baba anachechemea, kesho yake alileta mfuko wa chumvi ya mawe.

"Baba, weka konzi moja kwenye maji ya vuguvugu, utumbukize mguu kila jioni. Mama hufanya hivyo akitoka kazini."

Baba akafanya. Uvimbe haukuisha, ila ulipungua, na siku hizo kupungua tu kulikuwa sherehe.

Sasa, mchezo wa mwisho wa kila msimu waliuita Siku ya Nyumbani. Kila mchezaji huingia uwanjani ameshikana mkono na mtu wa kwao, na mtangazaji husema: kutoka mji wa reli, na baba yake, fundi wa mabehewa! Watu hupiga makofi mpaka mikono inawasha. Asiye na mtu huingia na kocha. Chumvi alikuwa ameshikwa mkono na kocha miaka mitatu mfululizo.

Mwaka huu mama yake aliahidi kuja. Tatizo lilikuwa ruhusa. Msimamizi wa kiwanda alisema hampi mtu ruhusa kwa maneno ya simu. "Simu haina mhuri," alisema. Alitaka barua ya chuo, karatasi yenyewe, yenye mhuri. Kwa hiyo wachezaji wenzake waliandikiwa mialiko ya heshima tu, lakini ya mama yake Chumvi ilikuwa ndiyo mlango wenyewe.

Jumatatu moja, siku kumi na mbili kabla ya mchezo, baba alinipa bahasha kumi na mbili na kitabu chake.

"Kumi na moja utaziacha stendi kuu, kwa makarani wa mabasi. Ya kumi na mbili, ya Chumvi, utaipeleka ng'ambo ya daraja, nyuma ya karakana ya mbao. Basi la kwao huondokea huko, Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Kila mmoja atie sahihi. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia, baba."

Stendi kuu nilizunguka kama pia. Huyu karani kaenda kula, yule anabishana na abiria, yule kalamu yake haiandiki na yangu anaitaka. Nilipopata sahihi ya kumi na moja, mvua ilianza. Kiatu changu cha kushoto kikafunguka soli, kikawa kinapiga kofi barabara kila ninapokanyaga. Nilitembea mpaka darajani. Nikatazama ng'ambo, nikaona barabara ya tope inavyopanda kuelekea karakana. Miguu ilikuwa inawaka moto. Nikakaa chini ya kibanda cha fundi baiskeli, nikasema, siendi. Ningeipeleka Alhamisi, kwani kulikuwa na haraka gani? Siku zilikuwa tele.

Lakini jioni baba hukagua kitabu. Nikashika kalamu. Pale penye mstari wa kumi na mbili nikachora sahihi yenye mkia mrefu kama wa panya, sahihi ya karani nisiyemjua hata sura. Nikaitia bahasha ndani ya kitabu changu cha hesabu. Nilijiambia huo si uongo, ni kuuchelewesha ukweli kidogo tu.

Nyumbani baba alipitisha kidole kwenye mistari, moja hadi kumi na mbili. Akatabasamu. "Miguu ya babako umeirithi," akasema. Chakula kilinishinda usiku ule. Mama alidhani nina homa.

Alhamisi nilikusudia kwenda, haki ya Mungu nilikusudia. Lakini darasa letu lilipewa zamu ya kudeki, na mwalimu wa zamu akatukagua mpaka chini ya madawati. Nilikimbia njia nzima, nikafika karakana ya mbao nikitweta. Basi lilikuwa limeondoka robo saa iliyopita. Lilibaki doa la mafuta ardhini. Nilirudi na barua yangu, na njiani nikaanza kuogopa kweli kweli.

Jumamosi timu ilicheza ugenini ikashindwa tena, kwa pointi ishirini na moja. Jumapili alasiri, baba akiwa amekaa kwenye kiti chake, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, mama yuko dirishani kwenye cherehani yake, tukasikia hodi.

"Karibu!"

Alikuwa Chumvi. Goti lake lilikuwa na plasta, na uso ulikuwa wa mtu ambaye hajalala.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na jana."

"Tumekwishapoa, baba." Akakaa ukingoni mwa kiti. "Nimekuja kuuliza habari ya ile barua. Mama amelipokea basi mara mbili, hakuna kitu. Wale wa basi sasa wanamcheka. Wanamwambia, bibi, unasubiri barua ya rais?"

Baba alinyoosha mkono, mimi nikamletea kitabu. Akafungua ukurasa, akaweka kidole.

"Hii hapa. Jumatatu. Karani wa basi lenu alitia sahihi, na kumbe ameikalia barua!" Sauti ikampanda. "Kesho nakwenda kwa mwenye basi. Mtu wa namna hii hafai kushika kazi ya watu. Miaka kumi na tisa sijapoteza barua, leo nipotezewe na karani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe uongo wangu ulikuwa umeondoka kwenye kitabu, ukaenda kumkamata shati mtu aliyekuwa amekaa zake nyuma ya karakana ya mbao.

Chumvi akatikisa kichwa polepole. "Basi, baba. Usimfukuzishe mtu kazi kwa ajili yangu. Nitaingia na kocha tu. Nimezoea."

Angelia, labda ningevumilia. Angefoka, ningenyamaza. Lakini alisema "nimezoea" kama mtu anayeweka mzigo chini bila kusikitika tena.

"Si karani," nikasema.

Cherehani ikasimama.

"Unasemaje?" baba akauliza.

"Sahihi nimeandika mimi. Nilichoka, baba. Mvua ilikuwa inanyesha, na kiatu... Barua ninayo." Nikaenda kwenye begi, nikaitoa kwenye kitabu cha hesabu. Pembe moja ilikuwa imekunjika, na wino wa anwani umeingia maji kidogo.

Nilisubiri kofi, halikuja. Baba alitoa mguu kwenye beseni, akaupangusa kwa taulo, polepole, kidole kwa kidole. Ningependa kofi mara mia. Kisha akakigeuza kile kitabu cha buluu, akakitazama kama anakiona mara ya kwanza.

Chumvi ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti. "Ungeniambia umechoka, mdogo wangu. Ningeipeleka mwenyewe. Miguu ninayo."

Akaaga, akaondoka. Yale maji ya chumvi yalibaki pale sakafuni, na mimi ndiye niliyekwenda kuyamwaga.

Jumatatu baba aliniombea ruhusa kwa mwalimu mkuu, tukatoka saa nane. Hakukubali niende peke yangu, na hakukubali kwenda bila mimi. Alitembea na fimbo. Kila baada ya kitambo alisimama, jasho linamtiririka, akasema, "Tupumzike." Tukakaa juu ya jiwe au kwenye ngazi za duka la mtu. Halafu akasema, "Twende." Tulipofika darajani nilikiona kile kibanda cha fundi baiskeli, nikatazama upande wa pili.

Nyuma ya karakana, kwenye meza iliyotengenezwa kwa mabaki ya mbao, alikaa karani wa basi. Alikuwa mtu mzima, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa anawaandikia abiria tiketi kwa mwandiko mzuri sana. Baba akanipa kitabu na kalamu.

"Kata ile sahihi kwa mstari mmoja. Usiifute, mtu aweze kuisoma. Pembeni andika ukweli."

"Si tuchane ukurasa, baba?"

"Kitabu changu hakichanwi."

Nikaandika: Sahihi hii si ya karani. Niliiandika mimi, na barua nilibaki nayo siku saba. Nikamwamkia karani, nikampa asome. Alisoma polepole, midomo inacheza. Akanitazama juu ya miwani.

"Kumbe mwenzenu nilishapokea barua bila habari! Na sahihi yenyewe mbaya hivi!" Kisha akaacha kucheka. "Binti, watoto wangu wanne wanakula kwa sahihi yangu. Usiichezee tena."

"Sirudii, baba. Nisamehe."

Akatia sahihi ya kweli, ndogo, iliyonyooka, akaikabidhi barua kwa dereva mbele ya macho yetu.

Hesabu ya siku ikawa finyu. Basi lingefika huko Jumanne mchana, na lingegeuza jioni hiyo hiyo. Jumatano mchana, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, nilikuwa nyuma ya karakana, nikamtazama kila aliyeshuka. Mama yake Chumvi hakushuka. Msimamizi alikuwa hajatia sahihi ruhusa yake. Laiti barua ingekwenda kwa wakati wake! Sasa lilibaki basi la Jumamosi tu, siku yenyewe ya mchezo, la kufika saa sita kama halikuharibika. Mchezo ulikuwa saa tisa.

Jumamosi saa sita halikufika. Saa saba halikufika. Saa nane baba alikwenda kusimama kwenye lango la chuo na fimbo yake, mimi nikakaa kwenye ngazi zangu. Uwanja ulijaa. Mafundi wa reli, washona viatu, mzee mmoja ambaye Saruji alimpangusa vumbi begani mbele ya watu wote, wote walikuja. Mtangazaji akaanza kuita. Reli akaingia na baba yake. Viatu akaingia na shangazi yake, na raba mpya miguuni, na watu wakapiga vigelegele kwa raba. Mmoja mmoja, mpaka wakaisha kumi na mmoja.

Wa mbali huitwa mwisho. Nilimwona kocha anaweka filimbi yake vizuri, anamwendea Chumvi, anamnyooshea mkono. Chumvi akaushika. Nikafunika uso.

"Ngojeni! Ngojeni kwanza!"

Sijawahi kumsikia baba akipiga kelele ndani ya chuo. Alikuwa anakuja kutoka langoni, anachechemea karibu kukimbia, na nyuma yake mwanamke mfupi aliyefunga kitambaa kichwani, kikapu mkononi, nguo zimekunjamana kwa safari ya usiku kucha. Kocha aliuachia mkono wa Chumvi bila kuambiwa.

"Kutoka pwani ya chumvi," mtangazaji akasema, "na mama yake, mkwangua chumvi!"

Walishikana mikono wakaingia. Makofi yale sijayasikia tena.

Mchezo tulishindwa, kwa pointi tatu. Usidhani hadithi itakudanganya hapo. Chumvi alifunga pointi nne, akakosa mitupo huru miwili. Mama yake hakujua sheria hata moja, akawa anashangilia kila mpira unapoingia kikapuni, hata wa wapinzani, mpaka baba akamnong'oneza ni kikapu kipi chetu.

Baadaye yule mama alinitafuta. Mikono yake ilikuwa imepasuka pasuka, vidole vigumu, kucha nyeupe pembeni. Alitoa mfuko wa chumvi kwenye kikapu.

"Nimeambiwa wewe ndiye mwana wa tarishi, uliyeshughulikia barua yangu. Pokea, mwanangu. Ahsante."

Ningeweza kupokea na kunyamaza. Chumvi alisimama pale, hakuwa amemwambia. Baba alisimama pale, naye hakuwa amemwambia. Walikuwa wameniachia.

"Shikamoo, mama. Usinishukuru. Barua yako nilikaa nayo siku saba, nikadanganya kwamba nimeipeleka."

Mkono wenye mfuko ulishuka. Akakaa kwenye ngazi kabisa.

"Siku saba," akasema. "Unajua siku saba nilifikiri nini? Binti yangu ananiambia barua imekuja, mimi nikienda kwenye basi, hakuna. Nikasema, basi, mwanangu kasoma, hataki mikono hii ishike mkono wake mbele ya wenzake. Anatafuta njia ya kuniambia nisije."

"Mama!" Chumvi akapiga magoti mbele yake, akaishika ile mikono yote miwili, akaiweka usoni mwake. Wote wawili walilia. Na mimi nililia, lakini kilio changu hakikumsaidia mtu.

Yule mama akajipangusa, akaniwekea mfuko mapajani. "Chukua. Ni wa mguu wa babako. Kusema umesema, na hilo si dogo."

Jumatatu, kengele ya saa tisa na nusu ikalia, nikajikokota hadi ofisini. Mezani palikuwa na kitabu cha buluu, na juu yake bahasha moja.

"Hiyo ni ya ng'ambo ya daraja," baba akasema bila kuinua macho.

Sikuigusa. "Baba, bado unaniamini?"

Alifikiri sana. Baba hasemi kitu cha kukufurahisha tu.

"Sijui bado. Ndiyo maana nakupa." Akaegemea kiti, akaunyoosha mguu wake mbovu. "Sikiliza, mama. Kuchoka si kosa. Mimi nimechoka, wale mabinti wamechoka, yule mama amechoka kuliko sisi sote. Aliyechoka hupumzika, halafu huenda. Akishindwa kabisa, husema, nimeshindwa, nisaidieni. Mwongo hukaa chini, halafu husema alikwenda. Karatasi ilichelewa siku saba tu, lakini mama wa watu alilala siku saba akidhani mwanawe anamwonea aibu. Hizo siku nani atamrudishia?"

Nikachukua bahasha, nikakibana kitabu kwapani. Darajani miguu iliniwaka moto kama kawaida, nikakaa kwenye kibanda cha fundi baiskeli, nikapumzika. Kisha nikainuka, nikapanda ile barabara ya tope mpaka mwisho.